Simba mwenda pole: Maisha ya Joginder Singh na njia za Mlima Kenya

Kabla ya lami kufika Chuka na Nkubu, msimu wa Pasaka katika wilaya za Embu na Meru ulikuwa na sauti yake. Ulikuwa msimu wa masika. Katika miaka ambayo mashindano ya magari ya Safari yalipitishwa upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ulikuwa vilevile msimu wa ngurumo za injini usiku wa manane. Wakubwa kwa wadogo walijipanga juu ya kingo za barabara, wakisubiri taa zichomoze kwenye kona, na gari lilipokwama matopeni walishuka kulisukuma, ama kwa hisani ama kwa ujira.

Miongoni mwa majina yaliyotajwa sana kandokando ya barabara hizo ni la Mkenya wa asili ya Kihindi, mwenye kilemba na ndevu: Joginder Singh. Alishinda mashindano hayo mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na ndiye dereva wa kwanza kufikisha idadi hiyo. Magazeti ya Kiingereza yalimwita Singasinga Arukaye. Wananchi walimwita Simba, na hawakukosea, kwa kuwa neno Singh maana yake ni simba.

Wahenga wa Kiswahili walikwisha kunena kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Methali hiyo inamfaa Joginder kuliko sifa ya kuruka. Kati ya Safari 22 alizoanza, alimaliza 19, katika mashindano ambayo mara nyingi magari mengi zaidi yaliachwa njiani kuliko yaliyofika. Ubingwa wake ulikuwa ubingwa wa kufika, na makala haya yanaeleza alivyoupata, na kwa nini unastahili kukumbukwa katika nchi ya kona na madaraja iliyo kati ya Embu na Meru.

Mtoto wa Kericho

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932, katika familia iliyotoka Punjab. Jamii yake iliingia nchini kwa wingi wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, kati ya mwaka 1896 na 1901. Reli hiyo, iliyotoka Mombasa hadi ziwani Kisumu, ilijengwa na wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Wengi wa walionusurika walirudi kwao, na wachache walibaki.

Masingasinga wengi waliobaki, au waliofuata baadaye, walikuwa mafundi: maseremala, wahunzi, waashi na makanika. Ndiyo maana katika miji mingi ya Kenya jina Kalasinga, ambalo wananchi waliwabandika, lilizoeleka pamoja na nyundo, msumeno na spana. Wahindi wengine walifungua maduka, na katika miji kama Meru na Embu duka la Mhindi lilikuwa mahali pa kununua nguo, mafuta ya taa, baiskeli na vipuri vyake.

Joginder alikulia katika desturi hiyo ya ufundi. Kabla ya kujulikana kama dereva, alikuwa fundi wa magari, na alipata kufanya kazi ya doria kwa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akiwasaidia wasafiri walioharibikiwa njiani. Kazi hiyo haikuwa na fahari, lakini ilimpa elimu ambayo haifundishwi darasani. Aliona kwa macho yake ni kifaa kipi hukatika kwanza katika barabara mbovu, na ni kosa gani la dereva lililokikata.

Aliingia katika Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 27. Wakati huo mashindano hayo yalikuwa yametawaliwa na Wazungu, walowezi na wafanyabiashara wenye uwezo wa kununua magari na kuyaharibu.

Safari ilikuwa nini

Msomaji wa leo aliyezoea kuona mashindano haya yakifanyika Naivasha, katika barabara zilizofungwa na kulindwa, huenda asielewe ukubwa wa jambo lenyewe. Mashindano yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na mwaka 1960 yakapewa jina la Safari ya Afrika Mashariki. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na urefu wake katika miaka mingi ulikuwa kilomita 5,000 hivi, zilizopitiwa mchana na usiku kwa siku nne au tano.

Barabara hazikufungwa. Mshindani alikutana na malori, mabasi, baiskeli, ng'ombe, mbuzi na wanyama wa porini. Kila sehemu ya njia ilipangiwa muda, na dereva alipochelewa kufika katika kituo cha ukaguzi alitozwa alama moja ya adhabu kwa kila dakika. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Mwaka 1973, kwa mfano, Shekhar Mehta na Harry Källström wa Sweden walimaliza wote wakiwa na alama 406, na waamuzi wakalazimika kutazama rekodi za njiani kabla ya kumpa Mehta ushindi.

Kwa hesabu hiyo, kukimbia sana mahali pamoja hakukuwa na faida kubwa. Dereva aliyeokoa dakika tano kwa kuruka mabonde angeweza kupoteza saa mbili akitengeneza springi iliyovunjika. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Kufika peke yake kulikuwa habari ya ukurasa wa kwanza.

Kona za Meru na Embu

Katika sehemu zote za Kenya zilizotumika, miteremko ya Mlima Kenya ilikuwa na ugumu wa namna yake. Ukisimama Embu na kutazama kaskazini, mlima uko kushoto kwako na nyanda za Mto Tana ziko kulia, chini kabisa. Mito yote hutoka huko juu kwenda huko chini: Rupingazi, Thuci, Nithi, Mutonga, Kathita na mingine mingi midogo. Kila mto umechimba bonde lake. Barabara itokayo Embu kwenda Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, hukata mabonde hayo yote moja baada ya jingine.

Maana yake ni kwamba dereva huteremka kwa kona hadi darajani, hupanda kwa kona hadi mgongo wa kilima, kisha huanza upya. Mahali penye unyoofu wa kupumzisha mikono ni pachache. Breki hushika moto kwenye miteremko, gia hubadilishwa bila kikomo, na mwelekezi anayesoma ramani hana nafasi ya kuinua kichwa.

Udongo nao una yake. Sehemu hizi za juu, zenye kahawa na majani ya chai, zina udongo mwekundu wa volkano, wenye rutuba na unaopendwa na mkulima. Ukinyeshewa huwa kama sabuni. Chini zaidi, kwenye tambarare za Mwea, kuna udongo mweusi unaonata, ambao hujaza magurudumu hadi yakakataa kuzunguka. Kwa kuwa Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, waandaaji walikuwa na uhakika wa kukuta mvua ndefu zimeanza au zikikaribia. Ukungu wa mlimani uliposhuka usiku, dereva aliongozwa na kumbukumbu kuliko macho.

Hapa ndipo wageni waliposhindwa. Viwanda vya Ulaya vilileta magari mapya, mafundi wengi na madereva waliokuwa mabingwa kwao, lakini hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda kwa Ford Escort, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyekuwa ametwaa Safari. Kwa miaka 19 kombe lilibaki kwa watu waliokaa Afrika Mashariki na kuzijua njia zake wakati wa jua na wakati wa mvua.

Gari la zamani, bingwa mpya

Safari ya mwaka 1965 ilikuwa ya pili tangu Kenya ipate Uhuru. Joginder aliingia na ndugu yake Jaswant kama mwelekezi, katika gari aina ya Volvo PV544. Lilikuwa gari lenye umbo la miaka ya 1940, mgongo wa mviringo kama kobe, ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza mwaka huohuo wa 1965. Tena halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano kabla ya kufika mikononi mwa ndugu hao.

Kwa mtu aliyetazama kwa macho ya duka, hilo lilikuwa gari la kustaafu. Kwa macho ya fundi, lilikuwa gari lenye bodi nzito, chuma kinene na injini ambayo kasoro zake zilikuwa zinajulikana. Magari mapya yalikuja na siri zao, na siri hizo zilifichuka mahali pabaya, usiku, mbali na gereji. Gari lililokwisha kuteswa lilikuwa limekwisha kueleza udhaifu wake.

Waliondoka Nairobi wakiwa na nambari ya kwanza ubavuni, na wakarudi wa kwanza, wakimwacha aliyewafuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dereva asiye Mzungu kushinda Safari.

Ushindi huo ulimgusa mwananchi wa kawaida kwa sababu ambayo haikuhusu magari peke yake. Hadi hapo mbio hizo zilionekana kama mchezo wa bwana mkubwa, na kazi ya wengine ilikuwa kupiga makofi na kusukuma. Sasa mshindi alikuwa fundi, mwenye mikono inayojua grisi, ndani ya gari kuukuu. Kijana aliyekuwa akishika spana katika gereji ya Embu au Meru angeweza kujiona ndani yake, hata kama hakufanana naye kwa rangi wala kwa dini.

Wakati wa maswali mazito

Lakini miaka hiyohiyo ilikuwa migumu kwa Wahindi wa Kenya. Katiba ya Uhuru iliwapa wengi wao miaka miwili, tangu tarehe 12 Desemba 1963, kujiandikisha kuwa raia. Wengi walijiandikisha. Wengi zaidi walisita, wakishikilia pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria mpya ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara, ambayo iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo mengi nje ya vitovu vya miji mikubwa na kuuza bidhaa kadhaa za kawaida. Lengo lilikuwa kumfungulia Mwafrika mlango wa biashara aliokuwa amefungiwa na ukoloni.

Katika miji midogo ya mikoani, maduka yalibadilisha mikono. Mapema mwaka 1968, Uingereza ilipokuwa ikijiandaa kufunga mlango wake kwa sheria iliyoanza kutumika mwezi Machi, maelfu walijazana katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Sensa zinaeleza mabadiliko hayo kwa ukavu: mwaka 1962 Kenya ilikuwa na watu wa asili ya Kihindi wapatao 177,000, mwaka 1969 walikuwa wapatao 139,000. Huko Uganda mambo yalikuwa mabaya zaidi, Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972.

Ni katika miaka hii ambapo Joginder aliendelea kurudi katika Safari, Pasaka baada ya Pasaka. Katika magazeti na mabungeni kulikuwa na mjadala kuhusu nani ni mwenyeji na nani ni mpita njia. Kando ya barabara mjadala ulikuwa mfupi zaidi. Aliyekuja kila mwaka, akapita kwenye matope yaleyale na kushukuru waliomsukuma, alihesabiwa kuwa wetu.

Hatupaswi kulikuza jambo hili kupita kiasi. Makofi ya barabarani hayakuondoa chuki wala tofauti za mali, na wapo waliomshangilia Simba siku ya Jumapili na Jumatatu wakagombana na mwenye duka. Hata hivyo, jina la Mhindi lilikuwa limetoka katika kaunta na kuingia katika michezo ya watoto, waliosukuma magari ya waya na kujitangaza kuwa Joginder. Nusu karne baadaye, Julai 2017, Serikali ilitangaza rasmi kwamba Wakenya wa asili ya Kiasia ni jamii ya 44 ya taifa hili. Tangazo hilo lilichelewa. Watoto wa magari ya waya walikuwa wamekwisha kulitoa kwa namna yao.

Ushindi wa pili na wa tatu

Mwaka 1974, akiwa na miaka 42, umri ambao madereva wengi huwa wamekwisha kuacha, Joginder alishiriki akiwa na David Doig kama mwelekezi, katika gari dogo la Kijapani: Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Lancer kuonekana katika Safari. Mashindano hayo sasa yalikuwa sehemu ya ubingwa wa dunia, ulioanzishwa mwaka 1973. Wapinzani wake walikuwa pamoja na Björn Waldegård wa Sweden, aliyekuja na Porsche 911. Waldegård alimaliza wa pili. Fundi wa Kericho akawa wa kwanza.

Mwaka 1976 alirudia akiwa na mwelekezi yuleyule na aina ileile ya gari. Safari hii Mitsubishi ilichukua nafasi tatu za kwanza: Joginder, Robin Ulyate wa Kenya, na Andrew Cowan wa Scotland. Kabla yake walikuwapo walioshinda mara mbili, kama Vic Preston, Bill Fritschy, Nick Nowicki, Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania, na Edgar Herrmann. Hakuna aliyekuwa amefika tatu.

Kati ya ushindi wa kwanza na wa pili kulikuwa na miaka tisa. Katika miaka hiyo alibadilisha magari, akamaliza katika nafasi za juu mara kadhaa, akashindwa mara nyingine, na hakuacha. Takwimu za mshindi huonyesha makombe, lakini miaka tisa ya kusubiri ndiyo inayomweleza mtu huyu zaidi.

Siri ya kufika

Ukiiangalia rekodi yake, yapo mambo matatu yanayojirudia.

La kwanza ni kuijua mashine. Dereva ambaye ni fundi husikia gari linapolalamika kabla halijavunjika. Anajua sauti ya beringi inayochoka na harufu ya klachi inayoungua, na anajua ni umbali gani gari linaweza kuvumilia hadi kituo cha matengenezo kinachofuata.

La pili ni kuijua njia. Katika nchi ya kona mfululizo, kama ile ya kutoka Embu kwenda Meru, anayeingia kona kwa kasi kuliko inavyoruhusu hulipa gharama kwenye kona inayofuata, kwa kuwa gari huwa halijatulia. Dereva mwerevu huacha kidogo mwanzoni ili apate kingi mwishoni. Huu ni uvumilivu wa mwendo, na ni mgumu kujifunza kuliko ujasiri.

La tatu ni kujua kupoteza. Katika mashindano ya siku nne, dakika kumi zilizopotea kwenye tope si msiba. Msiba ni kutaka kuzirudisha zote katika kilomita ishirini. Wengi wa walioacha magari yao mitaroni walikuwa wakikimbiza muda uliokwisha kupita.

Hayo matatu ndiyo yaliyomfikisha Joginder mara 19 kati ya 22. Alishiriki kwa mara ya mwisho mwaka 1980, baada ya miaka 22 mfululizo.

Waliofuata nyayo zake

Athari ya Joginder ilionekana kwanza katika jamii yake. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala aliyehamia Kenya baada ya amri ya Idi Amin, alishinda Safari mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo, mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Ushindi huo wa mara tano haujavunjwa katika Safari ya ubingwa wa dunia. Mehta alikuwa dereva wa aina nyingine, mtoto wa familia tajiri, lakini njia ya Mhindi kuwa bingwa wa Safari ilikuwa imefunguliwa tangu mwaka 1965.

Nje ya jamii hiyo, Wakenya weusi nao walianza kuonekana. Patrick Njiru alijipatia jina akiendesha Subaru katika miaka ya 1980 na 1990, na jina lake lilishangiliwa katika eneo la Mlima Kenya na kwingineko. Mwaka 1994 Ian Duncan alirudisha kombe nyumbani. Tangu hapo hakuna Mkenya aliyeshinda mashindano hayo yakiwa ya ubingwa wa dunia. Katika ngazi ya bara, Karan Patel alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2023 na 2024.

Viwanda vya magari navyo vilijifunza. Ushindi katika njia za Kenya ulikuwa tangazo ambalo fedha haziwezi kununua, kwa maana mnunuzi wa mkoani aliona kwa macho yake gari lililopita kijijini kwao na likafika. Heshima ya magari ya Kijapani katika nchi hii ilijengwa kwa sehemu kubwa katika Pasaka za miaka ya 1970, na Lancer ya Joginder ilikuwa miongoni mwa mawe ya msingi.

Mashindano yenyewe yalibadilika. Yaliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 na kurudi mwaka 2021, makao yakiwa Naivasha. Mwaka huo sehemu zilizopimwa muda zilikuwa na jumla ya kilomita 320 hivi. Ni mchezo wa kasi na wa usalama zaidi, na hakuna anayelilia vifo vya zamani. Lakini hauipiti tena barabara ya Chuka, na mtoto wa Runyenjes anauona kwenye simu kama vile unavyoonwa na mtoto wa Paris.

Njia imebaki

Joginder Singh alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Barabara aliyoipigania imebaki, na sasa ina lami. Lami imeondoa tope, lakini mabonde yako palepale na kona ziko palepale. Iliyoongezeka ni kasi.

Tarehe 24 Julai 2022, basi la abiria lililokuwa likitoka Meru lilitumbukia katika bonde la mto Nithi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Haikuwa mara ya kwanza kwa daraja hilo kuwatia watu msiba. Baada ya kila ajali husemwa mengi kuhusu breki, mteremko, kona na mipango ya kujenga njia nyingine, na yote yana haki ya kusemwa. Serikali ina wajibu wa kunyoosha barabara, na mwenye gari ana wajibu wa kulikagua.

Hata hivyo kuna funzo ambalo halingoji bajeti. Vijana wengi wanaoendesha matatu na pikipiki kati ya Embu na Meru wamesikia kwamba palikuwa na dereva aliyeitwa Arukaye, na wanadhani aliitwa hivyo kwa sababu ya kukanyaga mafuta. Wangeambiwa pia hesabu yake yote. Katika miteremko hiyohiyo, gizani na katika mvua, bila lami na bila vizuizi vya pembeni, bingwa mkubwa kuliko wote wa zama zake alipunguza mwendo. Alikuwa na kombe la kushindania na hakuwa na abiria. Mwenye abiria kumi na wanne nyuma yake ana sababu zaidi ya kufanya hivyo.

Kwa ufupi

Jina: Joginder Singh Bhachu.

Kuzaliwa: 9 Februari 1932, Kericho. Kufariki: 20 Oktoba 2013, London.

Kazi ya awali: fundi wa magari.

Safari alizoanza: 22, kati ya mwaka 1959 na 1980. Alizomaliza: 19.

Ushindi: mwaka 1965, Volvo PV544, pamoja na Jaswant Singh, mwaka 1974 na 1976, Mitsubishi Lancer, pamoja na David Doig.

Rekodi: dereva wa kwanza asiye Mzungu kushinda Safari, na wa kwanza kuishinda mara tatu.